Kwaya Iliyozaliwa na Vyumba

Baba yangu alikuwa akisema kwamba aliimba besi kwa sababu ya kitanda. Alitoka Maragoli mwaka 1947, akaandikwa kazi Reli, akapewa nafasi katika landi za Muthurwa, Nairobi, nyumba za wafanyakazi wa Reli: chumba kimoja, wanaume wanne. Redio hawakuwa nayo, wake zao walibaki nyumbani na mashamba, na pesa ya pombe ilikwisha tarehe tano. Kila mmoja alikuwa amekuja na kitabu cha nyimbo kutoka misheni. Wawili walikuwa na sauti nyembamba, wa tatu ya katikati. Iliyobaki ilikuwa ya chini, na mlalaji wa karibu na mlango, ambaye ni baba, ndiye aliyeachiwa.

Nikisema niko katika kwaya ya wanaume, watu huniuliza kama tumeiga Wazungu au tumewafukuza akina mama. Wala. Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, ilijengewa wanaume. Serikali ya kikoloni ilihitaji mikono ya mfanyakazi mjini. Mke na watoto wake haikuwahitaji. Pumwani ilipimwa baada ya Vita vya Kwanza, Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940. Kaloleni, ambayo wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitia mikono yao katika kuijenga, angalau ilifikiria familia. Kwingine chumba kilihesabiwa kwa vitanda. Wanaume wakawazidi wanawake mara kadhaa, na katika mji wa namna hiyo kwaya yoyote ilielekea kuwa na ndevu.

Na kushindana hatukufundishwa na misheni. Kabla ya kwaya kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride iliyozuka pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vikundi viwili vikichuana kwa sare, vyeo na majigambo hadi kimoja kiishiwe. Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza wakaisambaza bara. Mtaa wa Kariokor mpaka leo umebeba jina la kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps, na Pumwani pakajengwa Memorial Hall kuwakumbuka Waafrika waliokufa vitani. Kwa hiyo mtu aliyepanda jukwaa na joho lake jeupe kuimbia Krismasi alikuwa amerithi kiburi cha beni, hata kama mchungaji hakujua.

Kilichotuunganisha hasa ni solfa. Piano mtaani hakuna, noti za mistari mitano hakuna anayezisoma, lakini karatasi ya solfa inatosha. Nikiwa kijana nilikuwa ndiye mchapaji: nachonga stensili kwa kalamu ya chuma, d, m, s, nukta mbili, kistari cha kuvuta, nukta mbili tena, mistari minne imesimama juu ya maneno, sauti ya tena ya kwanza juu, besi chini. Ukikosea herufi moja unapaka rangi ile nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha za wanawake, unapuliza, unachonga upya. Juu kushoto unaandika doh ni ipi. Mtindo huu ulitungwa Uingereza karne ya 19, na John Curwen ndiye aliyeueneza. Wachimba makaa wa Wales waliutumia kuimba sauti nne bila kusoma muziki, kama sisi wa Jogoo Road. Siku moja nilisikia kanda ya kwaya yao, nikawatambua kwa pumzi tu. Wale pia walikuwa watu wa zamu.

Pasaka ya mwaka 1954 iliangukia tarehe 18 Aprili. Kwaya ya baba iliimba ikiwa imejaa, watu wa Magharibi, Nyanza, Ukambani na Mlima Kenya bega kwa bega. Jumamosi iliyofuata, tarehe 24, ikaja Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Askari waliuzingira mji, wakapita mtaa kwa mtaa, wakawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawapeleka vizuizini. Jumapili ile, baba alisimulia, benchi la tena lilikuwa na mtu mmoja. Mwenzake wa chumbani, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya juu kuliko wote, alikuwa amechukuliwa na daftari lake la nyimbo likiwa mfukoni mwa koti. Alirudi baada ya miaka minne. Sauti haikurudi naye. Wakampa kazi ya kushika daftari la mahudhurio, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia ajaribu tena kuimba.

Baada ya uhuru akina mama na watoto wakaja, mitaa ya Jericho na Jerusalem ikajaa nepi kwenye kamba, baadaye Buruburu na Umoja. Kwaya kubwa za makanisa zikapata soprano, na sawa kabisa. Wanaume peke yao wakabaki kikundi cha pembeni: leo utawakuta katika vyama vya wanaume vya makanisa, CMA cha Wakatoliki, KAMA cha Waanglikana. Kilichotufanya tusivunjike ni mashindano. Tamasha la muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na sauti za wanaume zina daraja lao: wimbo wa lazima, kisha wa kiasili uliopangwa kwa sauti nne. Hapo ndipo tulipomjua Arthur Kemoli, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezipanga nyimbo za Kiluhya kama Mwana wa Mberi zikaimbwa na kwaya nchi nzima bila kupoteza udongo wake. Kwangu huyo ana nafasi ya juu kuliko watunzi wengi tuliolazimishwa kuwakariri.

Sisi wenyewe tulishindwa zaidi ya tulivyoshinda. Kushindwa ninakokumbuka kulitokana na kichuma. Mwalimu wetu alitumia kile chenye meno mawili, unakigonga gotini, unakiweka sikioni, kinakupa A. Wimbo ulikuwa doh ni G, kwa hiyo ashuke hatua moja ndipo atuvumishie. Siku hiyo, mbele ya waamuzi, aligonga, akasikiliza, akasahau kushuka. Besi tulifurahi, mara ya kwanza tulikuwa hatusagi chini. Tena ya kwanza waligundua kwenye ubeti wa pili. Kufika wa tatu mmoja alikuwa anafungua mdomo tu, mwingine macho yamemtoka kama samaki wa Gikomba. Mwamuzi aliandika kwamba tumepanda bila ngazi. Tukawa wa tatu kati ya kwaya tatu, na Mwalimu akatununulia chai na mandazi bila kusema neno.

Miaka ya 1980 kila shirika la umma lilikuwa na kwaya ya kumwimbia Rais sikukuu za kitaifa, na mwaka 1988 ikaundwa hata tume ya muziki ya Rais. Wenye sauti nzuri wakanyakuliwa. Siwalaumu, waliandikwa kazi. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Boniface Mganga ikatoa Missa Luba chini ya nembo ya Philips, misa iliyozaliwa Kamina, Kongo, kwa wavulana na walimu wao wa kiume wa padri Guido Haazen, waliozuru Ulaya mwaka 1958. Na Januari 2009 Kenyan Boys Choir ya Joseph Muyale Inzai ikaimba Washington wakati Obama akiapishwa. Usiku ule tulitazama kwenye televisheni ya kinyozi, tukihesabu tena zao kwa wivu.

Ziara zetu sisi ni matanga. Basi la kukodi linaondoka Ijumaa saa tatu usiku, jeneza nyuma, maturubai juu, wanakwaya mbele. Hadi Naivasha hakuna anayelala. Mau Summit baridi inaingia kwenye koo, mtu anapitisha chupa ya chai ya tangawizi. Alfajiri tunashuka Siaya au Vihiga na vumbi kwenye kola, tunavaa joho nyuma ya nyumba ya marehemu, tunaimba tangu geti hadi kaburini. Nimewaona machifu wakilia. Jioni tunarudi, Jumapili asubuhi tuko madhabahuni. Televisheni tulionekana mara moja, KBC, katika Joy Bringers, na mke wangu anasema nilikuwa natazama kiatu.

Baba alikufa akiwa na miaka 81. Tulimwimbia wanaume kumi na mmoja, besi saba. Tangu wakati huo hesabu imezidi kuharibika: vijana wenye sauti za juu wanakwenda kwenye vikundi vya kusifu vyenye maikrofoni na gitaa, na hata mimi ningekuwa na miaka 20 huenda ningewafuata.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Solfa tutakufundisha. Besi wametosha, kama sauti yako inafika juu, njoo.