Francisco Lopera
Francisco Lopera (1951–2024) alikuwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini Kolombia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Antioquia. Tangu miaka ya 1980 alifuatilia koo za milimani ambazo watu wake hupatwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, wakiwa bado na miaka 40 na kitu. Alipita kijiji hadi kijiji, akipekua hata vitabu vya ubatizo kanisani ili kufuatilia nasaba zao, hadi ikajulikana kuwa wamerithi kasoro katika jeni ya PSEN1. Mwaka 2019, yeye na wenzake walieleza kisa cha ajabu: mwanamke mwenye kasoro hiyo aliyefika miaka ya 70 akili ikiwa timamu, akikingwa na badiliko adimu la jeni liitwalo Christchurch. Ugunduzi huo umefungua njia mpya ya kutafuta dawa.