Nyumba ni yako, ardhi ni ya nani?

Uzi kuhusu jambo linalorudi kila msimu wa siasa: gharama ya kumiliki nyumba, kaunti hii na ile.

Mjadala huu humu huenda hivi. Mmoja anasema Nairobi nyumba haishikiki. Mwingine anamjibu, "Si urudi ushago ujenge?" Halafu matusi mpaka asubuhi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona wote wawili wanabishana kuhusu mawe na mabati. Ardhi je?

Kwetu Vihiga, babu alijenga kwa shamba aliloachiwa na baba yake. Hakununua ploti. Kwa hivyo ukilinganisha gharama yake na ya mtu wa Nairobi, unalinganisha nyumba moja na nyumba pamoja na ardhi. Hiyo hesabu haikubali.

Sasa twende Mombasa, ambako mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi huko Pwani. Ulitakiwa uende ukadai ardhi yako, iandikishwe. Isiyodaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya mtu mmoja, wakabaki bila hati, na ardhi nyingi ikaishia kwa wachache.

Ndiyo maana hadi leo Mombasa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Unajenga Majengo au Kisauni, nyumba ni yako, unaweza kuiuza ama kuwarithisha watoto. Lakini udongo ulio chini ni wa mtu mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Ukienda benki kuomba mkopo, utaweka nini dhamana? Kuta? Na mwenye ardhi akiuza, mnunuzi anaweza kukuambia uondoe nyumba yako. Uiondoe uipeleke wapi, jamani?

Nairobi nayo ina historia yake. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kama kibarua wa muda, kazi ikiisha arudi rizavu. Akamjengea vyumba vya kupanga, si vya kumiliki. Pumwani, miaka ya 1920, watu waliruhusiwa kujenga wenyewe, ila ardhi ikabaki ya manispaa. Hati za mtu binafsi zilianza kusukumwa mashambani kwa mpango wa Swynnerton wa 1954, Mkoa wa Kati ukitangulia. Wapangaji wa mjini hawakuwa kwenye hiyo hesabu.

Turudi kwa siasa za leo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Sera ya nyumba ni ya serikali ya taifa, ila mipango ya ardhi na nyumba mashinani ni ya kaunti, kwa hivyo kila upande una mahali pa kurushia lawama. Mikopo ya nyumba iliyoko nchi nzima ni kama 30,000 tu, na sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6.

Halafu kuna ushuru wa nyumba, 1.5% ya mshahara kabla ya makato mengine. Mahakama Kuu iliukataa Novemba 2023, ukarudi na sheria mpya Machi 2024. Kiwango ni kimoja kaunti zote 47. Mwalimu wa Vihiga aliye kwa shamba la babake anakatwa sawa na mwalimu wa Kisauni, ambaye akishakatwa bado anampelekea mwenye ardhi kodi yake.