Pembe Yataka Mkono, Kigango Chataka Udongo

Kutoka Kindu, hapa Maniema, kwenda Kinshasa, mwenye haraka hupanda ndege. Inafaa kulikumbuka hilo kila tunaposikia kwamba mali ya Kongo imerudi nyumbani. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe akaja na Kakuungu, kinyago kikubwa cha Wasuku, akakiacha katika Makumbusho ya Taifa kwa mkopo usio na kikomo. Kinshasa ilishangilia. Lakini wilaya yetu ya Pangi ingepokea nini, na nani angekipokea?

Kwa Walega, wenyeji wa Pangi, sanamu haikuwa ya kutazamwa tu. Katika chama cha Bwami mtu hupanda ngazi kwa ngazi, na mkewe hupanda naye, hadi kufikia kindi, daraja la wenye sanamu za pembe za ndovu. Sanamu hupakwa mafuta ya mbarika na kusuguliwa. Hutolewa mbele ya wanaostahili, methali huimbwa na kuchezwa, kisha hurudishwa mkobani. Sakimatwematwe, sanamu yenye vichwa vingi, humfundisha mwanachama kutazama pande zote. Hata lukwakongo, kinyago kidogo kilichopakwa udongo mweupe, si lazima kivaliwe usoni: hushikwa mkononi, huning'inizwa uani, hulazwa chini. Mwenyewe akifa, mrithi wa daraja hukitwaa na kazi huendelea.

Makumbusho hukitaka kitu kilekile kitulie. Kioo, taa, glavu, na mafuta marufuku. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani huipenda pembe ya Kilega kwa mng'ao wake, mng'ao uliotokana na mikono ya vizazi. Wakishaulipia, hawataki mkono mwingine uiguse!

Nendeni sasa pwani ya Kenya, kwa Wagiriama. Huko mzee wa chama cha Gohu akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti inayosimikwa kwa ajili ya roho yake. Kigango hakipiti mkono kwa mkono. Ukoo ukihama, hubaki pale kiliposimikwa, mvua na mchwa wakifanya yao. Kuoza kwake si hasara. Kwa hiyo aliyeking'oa usiku na kukiuza kwa watalii hakuiba mti tu, aliwavuruga walio hai na wafu wao. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyokuwa katika makumbusho mawili ya Marekani vilirudishwa kwa familia iliyoibiwa. Picha iliyopigwa mwaka 1985, ikimwonyesha mwenye boma karibu na nguzo zake, ndiyo iliyothibitisha madai.

Kwangu mimi, madai ya vigango ni mepesi kuyaeleza: kuna boma, kuna shimo, kuna ukoo. Pembe ya Kilega haina shimo. Kuirejesha ni kumpata mtu wa daraja lake, ajuaye methali yake, na hapo ndipo ukoloni ulipojeruhi zaidi. Serikali ya Wabelgiji haikuachia vitu vichukuliwe tu. Ilikipiga marufuku chama chenyewe mwaka 1948, kana kwamba mafunzo ya maadili ni uasi. Sheria ya Ubelgiji ya 2022 nayo inazungumza na dola, si na Bwami. Sanduku likifika Kinshasa, litaingia katika kabati lingine la kioo, zuri kuliko la kwanza pengine, lakini bado kabati.

Ningeanza na maneno. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliishi na Walega miaka ya 1950, akaandika methali nyingi pamoja na vitu vilivyozibeba, na kitabu chake kilitoka mwaka 1973 kwa Kiingereza. Kazi hiyo itafsiriwe Kilega na Kiswahili, isomwe kwa Walega wa Pangi, Shabunda na Mwenga mbele ya wazee waliobaki, wairekebishe palipokosewa. Wakishakubaliana kipi kilikuwa cha daraja lipi, ndipo waiandikie Tervuren barua, wakitaja sanamu moja moja.