Yule mchawi wa kijani alikuwa mwalimu wa chekechea (Sehemu ya 6)

Wamama wenzangu, leo chanjo na uji wa lishe tuviache kidogo.

Kama mwanao ameshaangalia filamu ya Wizard of Oz, basi yule mchawi mwenye uso wa kijani unamjua. Huenda ndiye aliyemleta mtoto kitandani kwako saa nane usiku. Mwigizaji mwenyewe aliitwa Margaret Hamilton, na wengi tunaijua pua yake kuliko jina lake.

Alizaliwa Cleveland, Marekani, mwaka 1902, na kabla ya filamu alifundisha watoto wa chekechea. Yaani kazi yake ilikuwa kuwabembeleza watoto walewale aliokuja kuwatisha! Hakuwahi kuwa nyota. Alipewa nafasi ndogo ndogo: shangazi mkali, jirani mchokozi, mjakazi. Mwaka 1938 ndoa yake ilivunjika, akabaki na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kwa hiyo kazi ilikuwa ni chakula cha nyumbani.

Sasa sikilizeni hii, maana hapa unesi wangu unaamka. Desemba 1938 walikuwa wanarekodi ile sehemu mchawi anapotoweka kwenye moshi na moto. Alitakiwa ashuke chini kupitia kilango cha sakafuni, halafu ndio moto uwake. Mara ya kwanza ilienda vizuri. Waliporudia, moto ukawahi kabla hajashuka. Aliungua usoni na mkononi.

Na ile rangi ya kijani ilikuwa na madini ya shaba, ni sumu ikikaa kwenye kidonda. Ilibidi itolewe palepale, na iliyotumika kuitoa ni spiriti. Jamani, spiriti kwenye ngozi iliyoungua! Mliowahi kumshika mtoto aliyemwagikiwa chai mnajua kilio chake hata kwa maji tu. (Na hapo hapo: mtoto akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno hapana. Mayai hapana. Mafuta hapana.)

Alikaa nje wiki sita hivi. Aliporudi aliwaambia wazi kwamba kwenye moto hapandi tena. Mimi hapo ndipo ninapompenda zaidi. Mwanamke analea peke yake, anahitaji pesa, na bado anasema hapana. Baadaye walipotaka ufagio utoe moshi angani, alipanda mwanamke mwingine kwa niaba yake, Betty Danko. Ule ufagio ulilipuka, akaumia mguu.

Filamu ilitoka 1939. Margaret aliendelea na kazi, hadi kwenye michezo ya jukwaani ya nyimbo: Show Boat, halafu Oklahoma! mwaka 1969 akiwa Aunt Eller, yule shangazi anayewatuliza wote. Ukali wote pembeni.

Ila watoto walimsumbua moyo. Mwaka 1975 alienda kwenye kipindi cha Mister Rogers, akakaa kama bibi wa kawaida, akavaa gauni jeusi na kofia hatua kwa hatua huku watoto wakiona, ili wajue ni nguo tu. Mwaka uliofuata akatokea tena kama mchawi kwenye Sesame Street. Barua za wazazi zikamiminika kuwa watoto wanaogopa, na kipindi kile hakikurudiwa. Alikuwa na miaka 73.