Kipi Kilivunjika? Ngeli na Virejelewa katika Kiswahili cha Masisi na Walikale

Kuna hoja inayorudiwa mno kuhusu Kiswahili cha mashariki ya Kongo: kwa kuwa wasemaji wake hupunguza upatanisho wa ngeli, eti msikilizaji hawezi kujua kiwakilishi kinarejelea nini. Naipinga.

Tumchukue mama wa Kibabi, huko Masisi, anayemsimulia jirani yake: "Sanduku iliangukia kikombe, ikavunjika." Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kingemtaka achague. Likavunjika, ni sanduku. Kikavunjika, ni kikombe. Hapo ngeli inafaa kweli. Lakini badilisha vyombo tu: "Chupa iliangukia sahani, ikavunjika." Nomino zote mbili zimo katika ngeli ya I-ZI, na sentensi ni ileile Kibabi na Unguja. Mzanzibari hana cha ziada cha kumwongoza. Naye itambidi atazame vigae vilivyo sakafuni. Ngeli basi hufafanua pale tu nomino zilizokutana zinapotofautiana ngeli, na hilo ni jambo la bahati.

Kwa watu hata bahati hiyo haipo. "Mama alimpigia dada yake simu kwa sababu alikuwa mgonjwa." Nani mgonjwa? Kiambishi a- kinawabeba wote wawili, na hakuna sarufi sanifu itakayowatenganisha.

Kinachotatua utata ni mada iliyotangulia na ujuzi wa mambo: sanduku la mbao halivunjwi na kikombe. Msemaji akihofia kutoeleweka, hurudia nomino: "ile kikombe ikavunjika." Kivietinamu hakina upatanisho wa aina hii kabisa. Mama huuliza "Con ăn chưa?", umeshakula? Mwanawe hujibu "Con ăn rồi", nimeshakula. Con maana yake mtoto. Kinywani mwa mama ni "wewe", kinywani mwa mtoto ni "mimi", na wanaelewana. Nasi tunayo mbegu ya jambo hilo: mzazi anayemwambia mwanawe "Mama anakuja" amejitaja mwenyewe.

Wanaisimu Bresnan na Mchombo, mwaka 1987, walionyesha kuwa kiambishi cha yambwa katika Kichewa, lugha nyingine ya Kibantu, ni kiwakilishi hasa. Kwa hiyo atakayesema kupunguza ngeli ni kupunguza taarifa ana haki, lakini taarifa ipi? Kibabi mpaka kati ya mtu na kitu haujafutwa: a- na ba- kwa watu, i- kwa vitu. Naamini huo ndio mpaka unaobeba mzigo mkubwa zaidi. Wala si suala la kushindwa ngeli, kwani Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, lugha za nyumbani huko Masisi na Walikale, zina ngeli tele.

Katika maandishi, nakubali, hakuna vigae vya kutazama. Lakini Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa bila kusema ni kipi, kwa hiyo haimlazimishi mwandishi kutumia sanifu. Mwalimu anayesahihisha "kikombe ikavunjika" kwa kalamu nyekundu aanze kwa kujiuliza kama kuna nomino ya pili katika sentensi. Isipokuwepo, hakuna msomaji aliyepotea.