Kuhamisha kasuku kuvuka mpaka: vibali kwanza, lori baadaye

Msafirishaji anayekubali kuhamisha vyombo vya familia kutoka Nairobi kwenda Arusha huonyeshwa vitanda, jokofu, makabati na mazulia. Tundu la kasuku hutokea asubuhi ya safari, mwenye nyumba akiuliza, "Na huyu naye tumweke wapi?" Hapo umeshachelewa. Ndege hai si chombo cha nyumbani, na akikutwa Namanga bila vibali, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayependwa kwa kuiga maneno, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu Januari 2017, kufuatia uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotegwa porini imefungwa. Hata yule wa nyumbani asiyeuzwa huhitaji vibali viwili, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mpangilio: kibali cha nchi anakokwenda ndicho hutangulia. Bila hicho, nchi anakotoka haitoi chake. Kwa njia hii ya Namanga, ombi huanzia Idara ya Wanyamapori iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania, ndipo mhusika aende kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Ombi linaweza kukataliwa. Ndege aliyenunuliwa kando ya barabara bila karatasi yoyote hana njia, kwa kuwa mkataba unataka ithibitike kwamba alipatikana kihalali.

Kibali cha kumtoa hudumu miezi sita tu, kwa hiyo kisiombwe mapema mno. Mpakani hakikisha kimegongwa muhuri.

Kasuku wadogo wa Australia wanaofugwa wawili wawili hawamo katika orodha za CITES, lakini hawajasamehewa upande wa mifugo. Kila ndege huhitaji cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali pamoja na ruhusa ya mifugo ya nchi anakoingia, kwa sababu ya kideri na mafua ya ndege. Ukitangazwa mlipuko, ndege huweza kuzuiwa hata kama karatasi zote ni sahihi. Piga simu wiki ile ile ya safari.

Sasa njiani. Usimweke nyuma ya lori chini ya turubai, wala kwenye buti. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa namna inayomfanya adhurike na sumu mapema kuliko binadamu. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na chiriku migodini hadi mwaka 1986. Moshi wa ekzosi usiomsumbua dereva unaweza kumuua. Mahali pake ni ndani, kwenye kiti cha gari dogo la familia, tundu likifungwa kwa mkanda. Ondoa bembea na vitu vya kuchezea, maana gari likipiga shimo humpiga yeye. Funika pande tatu kwa kitambaa chepesi, wa nne uachwe wazi. Maji humwagika, hivyo mpe kipande cha tango au chungwa, kisha maji kila mnaposimama.

Umbali ni kama kilomita 270, si mrefu. Hatari kubwa ni foleni ya mpakani saa za mchana, injini imezimwa na vioo vimepandishwa. Kasuku anayehema mdomo wazi, mbawa akiziachanisha na mwili, amezidiwa na joto: mpeleke kivulini na umnyunyizie maji ya vuguvugu, si ya barafu. Ondokeni alfajiri, na ndege asiachwe kwenye gari wakati wa kugonga pasipoti.

Mkifika, apewe chumba kimoja tulivu, madirisha yafungwe na feni ya dari izimwe kabla tundu halijafunguliwa. Asiwekwe jikoni: kikaango kisichogandisha chakula kikiachwa motoni kikapata moto kupita kiasi, mvuke wake huua ndege kwa dakika chache. Rangi mbichi za ukuta nazo si salama kwake. Akigoma kula siku ya kwanza, mpe chakula alichozoea kutoka nyumba ya zamani. Ikipita siku ya pili bado hali, muone daktari wa mifugo.