Nyufa za Dashibodi katika Jua la Dodoma

Gari lililoishi miaka mingi Dodoma halihitaji kusomwa kadi ili ujue limetoka wapi. Fungua mlango, tazama dashibodi karibu na kioo cha mbele, pale inapotokea hewa ya kufuta ukungu. Ufa wa kwanza huanzia kwenye kona ya tundu hilo, ukashuka kuelekea kwa dereva. Wa pili huanzia kwenye kifuniko cha spika. Ukikuta nyufa zimekutana na kingo zimejikunja kutazama juu, ujue gari hilo limeshinda juani viangazi vingi. Mimi ni fundi wa viti na dashibodi katika mji huu tangu nilipokuwa kijana wa kumshikia mjomba mkasi, na naona historia ya kazi yetu inastahili kuandikwa. Kazi hii haikuzaliwa gereji. Ilizaliwa kwa watu wa sindano na uzi, na kilichoikuza ni uamuzi wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi.

Zamani hapakuwa na cha kupasuka. Babu mzaa mama alikuwa utingo Kongwa, Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947. Malori mengi aliyoyajua yalikuwa mabaki ya vita, na mbele ya dereva palikuwa na bamba la chuma lililopakwa rangi. Mradi ulikufa mwaka 1951, vyuma vikabaki porini, na babu akabaki na hadithi za vumbi jekundu lililoingia kila mahali. Land Rover zilizofuata nazo zilikuwa hivyo hivyo. Saa zake zote zilikaa katikati kwenye bamba, ili usukani uweze kufungwa kulia au kushoto bila kubadilisha mpangilio. Chuma hupauka, hushika kutu, huunguza vidole saa saba mchana, lakini jua halikipasui.

Mabadiliko yalianzia mbali. Huko Marekani na Ulaya watu walichoka kuona vichwa na magoti yakivunjikia kwenye chuma hicho. Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia 1968 viwango vyake vikataka sehemu za ndani ziweze kupunguza nguvu ya kichwa kinapojigonga. Sponji iliyofunikwa ngozi ya plastiki, ambayo baadhi ya viwanda vilikuwa vimeshaanza kuitumia, ikawa jambo la kawaida. Land Rover nayo ilipotoa toleo la tatu mwaka 1971, saa zilihamia mbele ya dereva na dashibodi ikawa ya plastiki. Miaka miwili baadaye, 1973, chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Kwa hiyo mji mkuu na dashibodi laini viliingia kwetu karibu wakati mmoja.

Na hapa palikuwa mahali pabaya pa kuileta. Plastiki ya PVC kwa asili yake ni ngumu, ndiyo hiyo ya mabomba ya maji. Ili ilegee kama ngozi huchanganywa na mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo hayashikamani nayo daima. Joto huyatoa kidogo kidogo. Ule utando unaoufuta ndani ya kioo cha mbele, sehemu yake ni hayo mafuta yaliyohama. Ngozi iliyoishiwa mafuta husinyaa. Chini yake sponji huchoka, mwisho hugeuka unga unaotoka kwa kidole. Ngozi inavuta huku na huku, na mahali pa kwanza kukata tamaa ni kona ya tundu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja, katika nchi kavu; dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hukatika Aprili au Mei na watu huisubiri hadi Novemba au Desemba, na Julai usiku una baridi ya kutafuta blanketi. Mchana ngozi inatanuka, usiku inajikaza. Wagogo, wenyeji wa hapa, walilijua jua hili, ndiyo maana nyumba zao za tembe zina kuta nene na matundu madogo. Gari limekuja na kioo kikubwa kilicholala kupokea jua lote.

Mjomba alishona maturubai ya malori na viti vya mabasi, kwenye baraza la duka moja Uhindini, kwa cherehani ya miguu. Madereva wa ofisi za serikali walimjua kwa viti. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na kuagiza dashibodi mpya ya Peugeot 504 ilikuwa ndoto hata kwa ofisi kubwa. Injini ilipewa spea kwanza, na haki yake. Kilichobaki kilikuwa kutengeneza.

Nakumbuka dereva mmoja alivyomjia.

"Shikamoo mzee. Bosi ana wageni wa kutoka Dar, na dashibodi hii inatia aibu."

"Marahaba. Liache chini ya mwarobaini hadi kesho alfajiri."

"Mbona usianze sasa?"

"Sasa ufa umejificha."

Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata kwake, na bado ni la kwanza ninalofundisha. Mchana ngozi imetanuka, ufa unaonekana mwembamba. Ukiuziba saa hiyo, usiku ngozi itajikaza na kiraka kitaachia. Alfajiri ya kipupwe ufa uko wazi kuliko wakati wowote, na ukijazwa hapo utakaa. Mjomba alichoma msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa tundu dogo la mviringo pale ufa ulipoishia ili usitambae tena. Akakata kingo zilizojikunja kwa kisu cha viatu, akakwangua sponji iliyooza mpaka afike iliyo hai. Pengo alilijaza vipande vya godoro vilivyokatwa sawasawa, juu yake akabandika ukanda wa turubai jembamba kwa gundi ya viatu, akapunguza kwa msasa. Kisha akapima dashibodi nzima kwa kurasa za gazeti la Uhuru, akakata leza ya viti kwa kufuata kurasa hizo, na kuivuta kuanzia katikati kwenda pembeni. Mshono aliupitisha mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimeweka mkunjo, kwa hiyo jicho halikuuona.

Wenye gari wasioweza kulipa kazi hiyo walitandika vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na wake zao au mama zao, sawa na vile vya kwenye makochi ya sebuleni. Miaka ya baadaye yakaja mazulia ya manyoya. Vijana huyacheka. Mimi huyasifu, kwa sababu kitambaa kinachoficha ufa leo kinaikinga pia ngozi iliyobaki, na nimefunua vitambaa vya miaka mingi nikakuta chini yake dashibodi nyeusi bado inalegea kwa dole gumba.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Hapo kazi yetu ikapata mshindani: kubadilisha. Kule Dar, Mtaa wa Shaurimoyo, Ilala, ulijaa spea za magari yaliyokatwa, na dashibodi ikawa inapanda basi kuja Dodoma, kilomita zipatazo 450, imefungwa kwa blanketi. Siipingi njia hiyo. Ila mteja aelewe anachonunua. Dashibodi iliyotoka kwenye gari la mwaka uleule ina ngozi ya umri uleule. Imenusurika kwa sababu ilikaa nchi ya baridi. Ikifika hapa inaanza kuzeeka kwa kasi ya hapa. Tena kuibadilisha ni kutoa usukani, saa, redio, mifereji ya hewa na waya, na klipu za plastiki kuukuu huvunjika zikiguswa. Gari linatoka likiwa zuri kwa macho na linalia kwenye kila tuta. Na anayebadilisha ahamishe ganda tu, saa za gari zibaki zile zile, maana kilomita zilizoandikwa humo ni mali ya historia ya gari hilo.

Kwa Land Cruiser za miaka ya 1980, zile namba 60 ambazo dashibodi zake hupasuka kuanzia juu ya saa, bado nashauri kutengeneza. Sasa tuna hita ya umeme, pati inayolegea na faiba, na kazi ya mjomba imekuwa safi zaidi.

Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, magari yaliongezeka mjini kwa namna ambayo wazee wa CDA waliisubiri zaidi ya miaka 40. Mji wa Serikali wa Mtumba ulipofunguliwa mwaka 2019, miti yake ilikuwa bado michanga na magari yalishinda juani tangu asubuhi hadi jioni. Kazi zikaja nyingi. Lakini magari haya yana kitu ambacho 504 haikuwa nacho: mfuko wa hewa wa abiria ndani ya dashibodi. Katika mengi, mstari wa kupasukia umefichwa upande wa ndani wa ngozi, umepunguzwa unene ili mfuko uchomoke mara moja. Ukivuta leza na gundi juu yake, au ukaujaza pati, mfuko unaweza kuchelewa au kutokea upande usiotakiwa, na anayeketi pale mara nyingi ni mke au mtoto wa mteja wako. Ufa ukiwa mbali na mfuniko wa mfuko, natengeneza. Ukiwa juu yake, natafuta kipande kizima cha gari lilelile. Wapo wanaokasirika na kwenda kwa fundi mwingine, na jioni hupita dashibodi zao zikiwa zimefunikwa vizuri kutoka dirisha hadi dirisha.

Ndiyo maana nataka ufundi huu ufundishwe darasani. Vyuo vya ufundi vya VETA vina masomo ya magari na vina masomo ya ushonaji, na kazi yetu imekaa katikati, haina mwenyewe. Vijana wawili walio nami sasa, mmoja alisoma magari, mwingine alisoma ushonaji. Wa magari huanza kwa kutoa waya wa betri na kusubiri kabla hajagusa kitu karibu na mfuko wa hewa. Wa ushonaji anajua leza inavutika upande gani na inagoma upande gani. Nimewapa dashibodi moja waifanye pamoja, na nimewaambia waje alfajiri.